Asubuhi ya Kabureta na Harusi

Nakumbuka asubuhi moja kule Njoro, mwanangu, nilipolifungua gari la baba saa chache tu kabla ya harusi ya dada yangu. Usicheke bado. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nafanya kazi katika karakana ya shamba la ngano la mzungu mmoja, na nilijiona fundi kamili. Miaka ile ya hamsini, mtu akikuona na spana mfukoni alikuita fundi, nawe ukaitika.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, na likipanda mlima lilikohoa kidogo. Baba aliniambia niliache, litatufikisha tu. Lakini mimi nilitaka dada Rebeka aingie kanisani Nakuru kwenye gari linalonguruma vizuri, na watu waulize ni nani aliyelitengeneza.

Nilitandaza gunia. Nikatoa chujio la hewa, limejaa mafuta na vumbi la ngano, nikalilaza hapo. Nikachomoa waya unaotoka kwenye pedali ya mafuta, kisha mpira wa petroli, nati mbili, na mwisho kabureta yenyewe, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Kila kitu nilikipanga kwa mstari kama kilivyotoka, ili nirudishe kwa kuanzia cha mwisho. Tundu la injini la kuvutia hewa likabaki wazi, na vumbi la Njoro unalijua, basi nikaingia jikoni, nikanyakua kitambaa, nikaliziba.

Nikasafisha, nikarudisha vyote, gunia likabaki tupu. Nikapiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kutoka mbele. Injini ikazunguka, isiwake. Nikapiga tena na tena mpaka shati langu jeupe la harusi likanata mgongoni. Nikafungua plagi, nikazifunga. Nikalaumu petroli. Dada akatoka na gauni lake, akatazama jua lilivyopanda. Mchungaji wetu alizunguka makanisa mengi, na bibi harusi asiyefika saa nne angengoja mwezi mzima. Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo akatokea shangazi, dada mkubwa wa baba, mtu asiyejua hata boneti hufunguliwa wapi. Uso ameukunja.

"We, kitambaa yangu iko wapi? Sufuria ya wali iko moto, nitashika na nini?"

"Shangazi, ngoja kwanza. Gari imekataa."

"Sijauliza gari. Nauliza kitambaa. Ulichukua, ukaweka wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakumbuka nilikokiacha. Nikazifungua tena zile nati mbili. Kabureta ilipoinuka, kitambaa kilikuwa kimevutwa ndani, ncha tu ndiyo inaonekana. Nilikitoa kwa koleo. Shangazi akakipokea kimelowa petroli, akakinusa, kisha akalitazama gunia langu, alama za mafuta zimejipanga kwa mstari.

"Hapa ulipanga vitu ulitoa," akasema. "Chenye uliweka hukupanga."

Akacheka mpaka akakaa chini. Dada naye akacheka, nami nikacheka huku machozi yako karibu. Hendeli moja tu, gari likawaka. Tulifika kanisani mchungaji ameshavua miwani aondoke, akairudisha puani. Wali uliungua, na shangazi alimwambia kila mgeni aliyepewa sahani kuwa huo ni wali wa fundi.

Mwanangu, jambo likikuharibikia, ni rahisi kukagua ulichoondoa na kujiona huna kosa. Kagua pia ulichoingiza. Nimekaa na mama yenu miaka mingi, na mara nyingi nyumba ilipokataa kuwaka, ndani yake palikuwa na neno langu nililolisahau humo. Na mtu asiyejua kazi yako akikuuliza swali unaloliona la kijinga, mjibu kwanza.

Mungu akupe mikono myepesi na ndugu wanaokucheka bila kukudharau. Na siku utakapokwama, akuletee shangazi mlangoni, anadai kitambaa chake.