Kubisha Hadi Shimoni

Katika mashua yetu mimi ndiye mpishi. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba mume na mke huishi baharini wiki kadhaa kila mwaka, hunitazama mimi kama nahodha, kisha humpa mke wangu pole kwa kupika kwenye jiko linaloyumba. Mke wangu hapiki. Alizaliwa Shimoni, kwa watu wa vyombo vya baharini, na ingawa alifanya kazi ya dawa hospitalini mpaka alipostaafu, akishika usukani hutulia kama mtu aliyeketi sebuleni kwake. Mimi ni wa bara ya Kwale, upande wa Kinango, penye mbuzi wengi na maji machache. Kuogelea nilijifunza nikiwa tayari na shahada mbili.

Mashua ni ndogo. Ina matanga mawili na kitanda kimoja chenye umbo la kipande cha mkate wa sinia, ncha ikiwa upande wa miguu, kwa hiyo kila asubuhi tunaamka miguu yetu ikigombania ncha. Nachemsha chai, nakaanga viazi, naosha sufuria kwa maji ya chumvi na kuisuuza kwa kikombe kimoja cha maji baridi. Yeye husoma mawingu na jumbe za simu, kwa umakini uleule.

Tukiwa Diani hupanda tuktuk hadi Ukunda kununua nyanya, gesi na maji. Siku moja tulikuwa tumerudi ufukweni na mitungi yetu, jamaa mmoja akaniita. "Mzee, twende boti? Nakupea bei poa ya wenyeji." Nilimwonyesha mashua yetu iliyotia nanga. Akaitazama, akanitazama, akaniuliza dereva wangu ni nani. Nikamwonyesha mke wangu. Jamaa akamwamkia yeye shikamoo, mimi akaniachia mitungi yangu niibebe.

Jioni hiyo shemeji yangu alipiga simu. Ni mdogo wake mke wangu, na kazi yake ni kuwavusha wageni hadi kisiwa cha Wasini kwa boti za injini. Alikuwa amesikia tunakuja, na kwa kuwa kusi lilikuwa bado linavuma, alipendekeza atume boti ije ituvute, mimi shemeji yake nisije nikachoka. Kisha akauliza, kwa upole mwingi, kama mbuzi nao wanakuja. Nyuma yake nilisikia kicheko cha gati zima. Kabla mke wangu hajaninyang'anya simu nilikuwa nimekwisha kutamka kwamba tutaingia Shimoni kwa tanga, bila injini, na usukani nitaushika mimi.

"Inshallah," alisema shemeji, kwa sauti ya mtu anayemjibu mgonjwa.

Mke wangu hakunikataza. Alisema basi usukani niushike tangu hapa Diani, lakini endapo yeye atalazimika kuushika hata mara moja njiani, ndiye atakayeingia nao Shimoni. Nikakubali. Nilikuwa nimeoa nyumba ambamo mwanaume hupimwa kwa namna anavyofika gatini, na miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikifika kwa matatu.

Kwenda kusini wakati wa kusi ni kwenda kinyume cha upepo. Huwezi kuukabili moja kwa moja. Unakwenda mshazari kuelekea nchi kavu, unageuza, unakwenda mshazari kuelekea bahari kuu, unageuza tena. Huko ndiko kubisha. Nilifundisha Kiswahili chuo kikuu nusu ya maisha yangu, na maana zote za neno hilo nimezieleza darasani.

Karibu na kisiwa cha Chale tulikuwa tunaelekea nchi kavu. Mke wangu alisimama mbele, kamba mikononi, akasema povu lile ni mwamba. Nikasema ni povu tu. Akasema ni mwamba na uko karibu. Nikasema hata kama ni mwamba, uko mbali.

"Bisha," akasema.

"Sibishi. Naeleza tu ninachokiona."

"Bisha, bwana."

Nikamwambia kwamba siku zote nikitoa maoni yangu huitwa mbishi. Alikuja nyuma kwa hatua ndefu, mikono yote miwili ingali na kamba, akausukuma usukani kwa nyonga. Matanga yakapiga makofi, mashua ikageuka, na ule mwamba ukapita ubavuni. Niliuona vizuri sana. Ulikuwa na kaa.

Tulipotia nanga Msambweni nilipika wali wa nazi kwa unyenyekevu mkubwa. Alimaliza sahani nzima ndipo akasema.

"Nilikwambia ubishe, nawe ukabisha."

Kisha akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Nilijitetea kwamba neno hilo likitoka kinywani mwake lina maana moja tu, tangu tuoane. Halafu, kwa kuwa bado nilikuwa na matumaini, nikauliza kama usukani tuuhesabu umeshikwa. Alifikiri.

"Sikuushika," akasema. "Nilipita tu hapo na nyonga yangu."

Kesho yake nilibisha kutwa, mbele ya Funzi, huku na huko, mpaka mikono ikaacha kuniuliza igeuze lini. Mke wangu alitaja neno lile, nami nikageuza. Mchana akaacha kulitaja, nikageuza vilevile.

Shimoni tuliingia upepo ukiwa ubavuni na gati limejaa watu. Mke wangu aliketi, akajifunika kanga, akawa anatazama kwao kama abiria. Hakunielekeza. Nilichagua mwenyewe mahali pa kugeuzia, nikageuza, nikashusha tanga, mashua ikaja polepole mpaka ikaligusa gati kwa kishindo kidogo ambacho mimi nilikiita busu na mke wangu hakukiita chochote.

Shemeji alimwamkia dada yake, kisha akapokea kamba mkononi mwangu. Aliifunga mwenyewe. Hakutaja mbuzi. Alizunguka akatazama matanga, akatazama mikono yangu, akasema kesho ni siku yake ya kupumzika na hajapanda chombo cha tanga tangu anunue injini. Kama sitajali, angependa nimpeleke Wasini.

Nilimwambia nitaangalia kama nina nafasi.