Vitabu Vilivyofungiwa Mpanda

Dorice alizaliwa Kakese, kwenye nyumba ya wakulima wa mpunga. Alimaliza kidato cha nne, akaenda Tabora kusomea kidogo kazi ya maktaba, akaolewa, akafiwa na mume mapema. Mradi mmoja wa mazingira ulipofungua chumba cha vitabu mjini Mpanda, akaajiriwa kukitunza. Mradi ulipoisha, wageni waliouendesha waliondoka na magari yao wakaacha vitabu: majalada mazito ya sheria za misitu, maji, ardhi, uvuvi na wanyamapori, pamoja na vitabu vya kuzieleza sheria hizo. Chumba kilikabidhiwa kwa kamati ya wenyeji, na Dorice akabaki nacho.

Alivipenda vile vitabu kwa namna yake. Alivifungia kwenye kabati la mbao lililoegemea ukuta, ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari. Ndani ya kila kimoja aligonga muhuri mwekundu: KITABU CHA MAREJEO, HAKIAZIMWI. Kwenye jumuiya yake ya kanisani aliwaambia wenzake, "Sheria za mkoa huu zote ninazo mimi." Kuvisoma hakuwahi. Vingi vilikuwa vya Kiingereza, na vile vichache vya Kiswahili aliviona ni vya mawakili.

Mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha, aliingia mwanamume wa makamo, viatu vimejaa matope ya safari. Alisalimia kwa heshima, akajitambulisha: anaitwa Didace, ametokea Mishamo, kwenye makazi ya waliokuwa wakimbizi wa Burundi.

"Nimesikia mna kitabu cha Kiswahili kinachoeleza sheria za misitu," alisema. "Sisi ni wafuga nyuki. Serikali imepitisha bikoni za mpaka katikati ya mizinga yetu, wanasema ng'ambo ni hifadhi. Maofisa watakuja kutusikiliza. Tunataka tujue mwenye mizinga anaruhusiwa nini, tusiende kubahatisha."

Dorice alisikia Kirundi ndani ya Kiswahili chake. Akatazama yale matope sakafuni.

"Wewe ni raia?" aliuliza.

Hakuna kanuni iliyomtaka aulize hivyo. Mwalimu mmoja aliyekuwa akisoma gazeti mezani aliinamisha kichwa. Didace hakushangaa. Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa cheti cha uraia kilichofunikwa plastiki, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili. Dorice alikisoma taratibu juu mpaka chini, kama vile kazi yake ilikuwa hiyo, kisha akakirudisha.

"Vitabu hivi ni vya marejeo, baba. Hatumpi kila anayepita. Lete barua ya mtendaji wa kijiji, yenye muhuri."

"Sawa mama. Nitaleta."

Wiki iliyofuata alirudi na barua yenye muhuri. Dorice hakuwa na neno jingine la kumzuia. Alivua ufunguo shingoni, akafungua kabati.

Harufu ya udongo mbichi iliwapiga usoni. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka ukutani, wakatoboa ubao wa nyuma, wakaingia rafu kwa rafu. Kwa nje vitabu vilikuwa vimesimama wima kama siku zote. Alipogusa kile cha misitu, jalada lilimbakia mkononi na kurasa zikamwagika miguuni zikiwa vumbi na vipande.

"Ukuta huu," Dorice alisema haraka. "Nilishawaambia kamati kwamba ukuta huu ni mbovu."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote. Tangu wageni waondoke, lile kabati hakulifungua hata kwa kufuta vumbi.

Didace alichuchumaa, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja, akitafuta maandishi yanayosomeka. Yalipatikana maneno machache tu. Akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Pole mama," alisema. "Hasara hii ni kubwa kwako."

Dorice aliona heri Didace angemtukana. Mgeni alipoondoka, alikaa kwenye kiti akijiuliza kama siku ile ya kwanza kile kitabu kilikuwa bado kizima. Hakuwa na njia ya kujua, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alikumbuka pia ile mikono miwili iliyoshika cheti, uso ukamwaka moto akiwa peke yake chumbani.

Alikwenda Kakese kwa mzee Erasmus, bwana misitu mstaafu, ambaye mradi ulikuwa umempa nakala ya kitabu kilekile. Alimweleza yote isipokuwa swali la uraia. Erasmus alitoa kitabu chini ya kitanda, kimechakaa kwa kushikwashikwa.

"Kichukue. Wakikimaliza, wakae nacho."

Siku ya mkutano na maofisa, iliyotajwa kwenye ile barua ya mtendaji, barabara ilikuwa mbaya, basi likachelewa. Dorice alipofika Mishamo maofisa walikuwa wameshaondoka, na wafuga nyuki walikuwa bado wamekaa nje ya kanisa. Mwenyekiti wao, mama mmoja aitwaye Vénérande, alikuwa amesimama akimhoji Didace. Dorice alisimama nyuma ya watu.

"Tulikutuma mjini mara mbili, ukarudi mikono mitupu," Vénérande alisema. "Leo tumeulizwa tunategemea sheria gani, tukatazamana tu. Kwa nini?"

"Kitabu hawana," Didace alijibu. "Yule mama alinipokea vizuri. Alitafuta, hakukipata."

Dorice angeweza kunyamaza, maana hapo hakuna aliyemjua. Akasogea mbele.

"Yule mama ni mimi," alisema. "Kitabu kilikuwepo. Nilikifungia mpaka kikaliwa na mchwa. Na huyu ndugu sikumpokea vizuri. Nilimuuliza kama ni raia, mbele za watu."

Baadhi ya wanaume walitazama chini, kama wao ndio waliokosa. Didace alikunja uso. Dorice akatambua kwamba jambo lile hakuwa amewasimulia wenzake, na sasa yeye amemvua nguo mbele yao mara ya pili.

"Nipe hicho ulichoshika," Vénérande alisema hatimaye. Akakipokea, akafungua ukurasa wa kwanza, akaanza kuwasomea kwa sauti.

Jioni Didace alimsindikiza mpaka barabarani kusubiri usafiri. Alisema habari za maharage na za mvua. Alipoonyesha shule aliyosoma, akataja kwamba alizaliwa papo hapo Mishamo, wazazi wake walipokuwa bado wanafyeka pori. Dorice alijaribu kusema samahani, likatoka neno jingine kuhusu basi.

Wafuga nyuki walitakiwa kuhamisha mizinga, wakaruhusiwa kurina asali kwanza. Kwa msaada wa kile kitabu waliandika maombi ya kurejeshewa sehemu yao, na hadi sasa majibu hayajaja. Dorice bado anakitunza chumba. Kabati lile alilichoma moto nyuma ya jengo, na vitabu vilivyosalimika viko mezani, wazi. Wenzake wa jumuiya wakimuuliza habari za sheria zake, huwaambia zililiwa na mchwa. Wao hucheka, wakidhani anatania.