Mdomo wa Mjomba

Kabla ya kurekodi, fundi wa video wa Koboko hupiga kofi moja mbele ya kamera yake, ili sauti na picha zikutane baadaye kwenye kompyuta. Akihariri, midomo yake hucheza pamoja na ya wanaozungumza. Harusini, jenereta likinguruma juu ya viapo, huifuta sauti yote na kuweka kinanda bila kumwuliza mtu. Sauti za matanga haziguswi. Ndiyo maana vidole vyake vilisimama pale mfiwa kutoka kijiji cha Dranya alipovua viatu mlangoni, akaingia na ombi lake. Katika mazishi ya mkewe, aliyoyarekodi fundi huyo, mjomba wa marehemu alisimama kaburini, kama desturi inavyomtaka, akauliza ni nani aliyempiga binti yao hadi akafa. Jumamosi wazee wa koo mbili wataitazama video hiyo.

“Mama, toa sauti ya ule mzee. Weka wimbo ya kwaya. Picha iache.”

“Na mudomo yake? Iko nauliza nani alipiga mutoto. Sasa nifanye iimbe haleluya?”

“Watu hawaangalii mudomo.”

“Mimi naangalia.”

“Koboko iko na mafundi wengi.”

“Basi enda kwao. Ya kwangu iko hapa, na wazee watapata hii.”

Akageuza spika ikatazama barabara, akafungulia sauti hadi mwisho. Kofi likalia, kisha mjomba akauliza, na midomo ya fundi ikauliza pamoja naye. Wapita njia wakasimama. Mume alikuwa bado mlangoni, ameinama, anatafuta kiatu cha pili.