Kompyuta Iliyojibu Nzuri

Ipo asubuhi moja, mwanangu, inayonirudia kila nikiona ziwa limetulia hivi, maji na mbingu rangi moja, hata hujui boti inaelea juu ya kipi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mkaidi, na nilijiona nimeishika dunia kiganjani.

Kazi yangu ilikuwa kuandika keneli. Usiogope neno hilo. Ni kiini cha mfumo wa kompyuta, sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na betri na vyuma kabla mtu hajaona chochote kwenye kioo. Shangazi yangu Nyabise alikuwa nesi pale Makoko, kando ya ziwa, na kila mwezi alivuka kwenda vijiji vya rasi kuchanja watoto. Alikuwa amepata friji ndogo ya kubebea chanjo, inayotumia betri. Ubavuni mwa friji nikabana kompyuta ndogo yenye betri yake yenyewe, na kwenye keneli nikaongeza sehemu ya kuiuliza betri ya friji: una chaji kiasi gani? Jibu lilitokea kiooni kwa asilimia. Nililitazama kama mzazi anavyotazama mtoto aliyeanza kusema.

Kasoro ilikuwa moja. Mara nyingine betri haikujibu, na kioo kikaonyesha alama ya kuuliza. Niliona haya, kazi yangu iwe mbele za watu halafu ionekane haijui! Basi nikaandika kwamba betri ikikaa kimya, keneli irudie namba ya mwisho iliyoisikia. Alama ikatoweka, moyo wangu ukatulia.

Asubuhi hiyo shangazi alisimama ufukweni na kasha lake la barafu, maana hakuwahi kusafiri bila barafu.

"Hiyo friji itafika kweli? Mimi nabebaga barafu yangu."

"Asilimia themanini na mbili, shangazi. Hiyo barafu iache, inatuongezea mzigo tu."

Aliniamini, akaiacha.

Ziwa lilikuwa limelala, nami nikasinzia juu ya begi. Nikifumbua macho, themanini na mbili. Nasinzia, naota niko hewani, nafumbua tena, themanini na mbili. Nilidhani utulivu wa maji umeingia hadi kwenye betri.

Kijijini akina mama walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha kanisa, watoto mapajani. Shangazi alifungua friji, akatazama kipimajoto, akagusa kichupa kimoja, akafunga polepole. Ilikuwa imeshazima.

"Chanjo imepata joto," aliwaambia. "Siwezi kumchoma mtoto hii. Mnisamehe."

Mama mmoja aliyetoka kwake alfajiri kwa miguu alibaki amesimama. "Turudi lini, nesi? Kwa jirani surua imeshaingia."

Shangazi aliomba wiki moja. Hakunitazama, na mpaka leo natamani angenigombeza.

Jioni tuliporudi nilipeleka friji mjini, mtaa wa Mukendo, kwa Mzee Hamadi, fundi wa redio na betri, mzee mpole wa kofia nyeupe. Alikuta waya mmoja umelegea kwa mitikisiko ya boti. Nikashusha pumzi, nikasema kumbe ni waya.

"Waya umekata umeme wa friji, sawa," alisema. "Na umekata maneno ya betri pia. Sasa hiyo themanini na mbili iliyoko kiooni, kompyuta imeisikia wapi?"

Nikamweleza habari ya alama ya kuuliza na aibu yangu. Akacheka kidogo.

"Umeifundisha kusalimia, binti yangu. Hapa hata mwenye msiba ukimuuliza habari, anajibu nzuri. Ndiyo adabu yetu. Lakini baadaye anakaa chini anakwambia yaliyomkuta. Hii yako imejibu nzuri, halafu haikukaa chini."

Niliona haya mpaka masikioni. Usiku huo nilifuta ile mistari, nikaandika mingine: betri isipojibu, kioo kiseme SIJUI kwa herufi kubwa, na kengele ilie.

Wiki ile niliomba kuliko nilivyowahi kuomba. Siku ya kurudi, tukiwa bado ufukweni, kengele ililia. SIJUI. Betri ilikuwa imekaa kimya tena. Shangazi akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akaenda kuchukua kasha lake la barafu, na chanjo ikasafiri humo. Yule mama tulimkuta kijijini, wa kwanza kwenye mstari. Mtoto wake alikuwa mzima, na alipochomwa alilia kwa nguvu. Nami nililia pamoja naye.

Basi sikiliza, mwanangu. Watakuuliza mengi kazini, na namba ya jana itakuwa tamu mdomoni. Usiwape. Mtu atakayeacha barafu yake nyumbani kwa neno lako anastahili kujua kwamba hujui. Salimia vizuri, kisha kaa chini useme ukweli.

Mungu akupe ulimi usioona haya kusema sijui, na kila utakapojibu nzuri kwa mazoea, akuletee mtu wa kukuuliza mara ya pili.