Bei ya Kupunguza Mparachichi wa Nyanya

Mama alinipigia simu asubuhi moja akaniambia, bila hata kunisalimu vizuri, kwamba mparachichi ulio nyuma ya nyumba umeanza kung'oa mabati. Tawi moja lilikuwa limelalia paa, na upepo ukivuma mabati yanainuka na kushuka kama kifuniko cha sufuria inayochemka. "Njoo uuone mwenyewe," alisema. "Mimi nimechoka kulala nikiusikiliza." Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilitoka Nakuru mapema, nikafika kwetu kijijini, upande wa Ikonge, nikamkuta fundi wa msumeno wa petroli ameshaitwa. Alikuwa amesimama uani akiutazama mti, jicho moja amelifumba.

Ndugu yangu, hebu nisaidie wewe, maana bei aliyonitajia fundi yule sijaielewa hadi leo.

"Siste, kupunguza ni elfu kumi," alisema. "Lakini ukitaka niukate wote, nakufanyia bure. Hata mama nitamwachia pesa ya sukari."

"Yaani kazi ndogo ndiyo ghali, na ile kubwa ni bure?"

"Ndiyo hivyo."

Akanieleza kwamba mti wote ukianguka atachukua magogo na kuyauza kwa watu wa kuchoma matofali. Kupunguza, kwa upande mwingine, ni lazima apande, afunge kila tawi kwa kamba na kulishusha polepole lisivunje paa, halafu mwishowe aondoke na vijiti tu. Alieleza vizuri kabisa. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nadhani kilichonichanganya ni kule kuusikia mti ule ukitajiwa bei. Nilipokuwa mdogo haukuwa na bei, na bado mambo yake yalinichanganya kuliko haya ya fundi.

Nililelewa na nyanya katika boma hilo hilo, wazazi wangu wakiwa kazini Nakuru. Sisi watoto tulimwita magokoro, kama nyanya wote wanavyoitwa kwetu. Asubuhi tulichuma majani ya chai naye, umande ukitulowesha hadi kiunoni, na mchana tulimenya ndizi tukizungukwa na kuku. Msimu wa maparachichi ulipofika, chakula chetu kilikuwa parachichi: kwa viazi vitamu, kwa ndizi, kwa ugali wa wimbi, au chumvi tu na kidole. Usiku yalianguka juu ya mabati kwa kishindo, na asubuhi tulikimbilia kuyaokota kabla ya ng'ombe.

Na kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia, alikuja jirani kuupunguza mti.

Jirani huyu alikuwa mzee mjane, mrefu, Mkatoliki, na shamba lake lilipakana na letu upande wa chini. Jambo la kwanza unalopaswa kujua ni kwamba yeye na nyanya hawakuwa wakisemezana. Walikuwa hawasemezani tangu kabla sijazaliwa. Wakikutana njiani kuelekea kituo cha majani chai, mmoja aligeuka kuangalia kichaka. Hata hivyo hakuna aliyemwita kuja kukata. Alijitokeza tu Jumapili, baada ya misa ya kwanza, panga mkononi na kamba begani. Hakuja hata mara moja siku ya Jumamosi, kwa kuwa nyanya alikuwa Msabato. Nilijiuliza: ni adui gani huyu anayekutunzia Sabato yako?

Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Jirani alikuwa akisimama kando ya ukuta wa jikoni, nyanya amesimama hatua chache tu kutoka kwake, na kuniambia, "Mwambie nyanya yako asogeze kuku."

Nyanya, ambaye alikuwa amesikia kila neno, alijibu akinitazama mimi, "Mwambie nimeshasogeza."

"Mwambie hili la upande wa mashariki nitaliacha, lina maua."

"Mwambie afanye ajuavyo."

Nami nilirudia yote, neno kwa neno, nikigeuza kichwa huku na kule hadi shingo ikauma. Jirani alipomaliza kukata, alipanga matawi makubwa kwenye ukuta wa jikoni kwa ajili ya kuni zetu, akajichukulia vijiti vyembamba visivyoweza kuivisha hata chai. Nyanya alimwekea kigoda mlangoni, ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa, na maji ya kunawa. Jirani alikula polepole, akamaliza, akaniambia, "Mwambie ahsante." Kisha akashuka kwake, na kesho yake wakapishana tena njiani kama watu wasiojuana.

Niliwahi kumuuliza nyanya kama yule mzee ni rafiki yetu au si rafiki. Alikuwa akipepeta maharagwe. Aliendelea kupepeta. "Ni jirani," akasema.

Halafu ukaja mwaka ambao hakutokea. Mvua ya kwanza ilinyesha, yenye mawe, na matawi yakapiga paa usiku kucha. Jumapili nyanya alisogeza kuku mwenyewe, akasimama uani, akangoja. Jumapili ya pili alifanya vivyo hivyo. Jumapili ya tatu akapika, akafunika bakuli kwa kitambaa, akanishika mkono, tukateremka kwa jirani. Sikuwa nimewahi kumwona akivuka mpaka ule.

Tulimkuta amelala kwenye kitanda karibu na mlango, amekonda, kifua kikikoroma. Nyanya alisimama. Akanigeukia, akaanza kama kawaida, "Mwambie..." Kisha akamtazama yeye mwenyewe, usoni.

"Mti umekua," alisema.

"Nauona kutoka hapa," jirani akajibu.

Nilishtuka kama niliyesikia mawe yakizungumza. Nyanya akanituma nje nikacheze. Sikucheza. Nilikaa kwenye majani ya migomba nikisikia sauti zao, za chini, zikienda na kurudi, na wakati mmoja, naapa, kicheko cha nyanya. Tulirudi jua likizama. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini njia nzima aliimba wimbo wa kanisani.

Jirani alifariki kabla ya Krismasi. Kijiji kizima kilishuka mazishini, hata wakwe zake kutoka Kenyenya walikuja. Nyanya hakwenda. "Nendeni nyinyi," alisema, akakaa jikoni akimenya maharagwe, na nyimbo za kwaya zikipanda hadi kwetu. Niliporudi nilimkuta bado anamenya. Tangu siku hiyo hakumruhusu mtu mwingine kuugusa mti. Vijana walipokuja kuomba kazi aliwafukuza. Mti ulikua, ukatanda, ukafunika nyuma yote ya nyumba, na nyanya akafa ukiwa hivyo.

Basi fundi alikuwa akingoja jibu, na mimi nikamvuta mama pembeni.

"Mama, walikosania nini, nyanya na yule mzee?"

Mama alifikiri. "Wengine walisema mpaka. Wengine walisema ng'ombe aliyekula mahindi. Na kuna waliosema mambo mengine ambayo siwezi kumwambia mtoto wangu."

"Mama, mimi nina watoto wangu."

"Hata hivyo," alisema.

"Sasa tuukate au tuupunguze?"

"Wewe ndiye unayelipa. Mimi niliolewa hapa nikaukuta."

Nikasema apunguze. Usiniulize kwa nini. Fundi mwenyewe aliniuliza, nikamwambia aanze na tawi la paani. Msumeno ulinguruma hadi alasiri, matawi yakashuka yakining'inia kwenye kamba, na mpangaji mmoja akatoka kwenye vyumba vya kupangisha vilivyojengwa palipokuwa shamba la jirani, akatuomba tuangalie nguo zake kwenye kamba. Nililipa. Mama alikuwa amepika, lakini fundi alisema ana kazi nyingine sokoni, akawasha pikipiki akaenda. Hatudai, hatudaiwi. Kila kitu kimelipwa na kimekwisha, na huenda ndiyo sababu nilibaki nimesimama uani kama mtu aliyeachwa na gari.

Wote waliojua walichozungumza siku ile penye kitanda kile wamekwenda. Tunaishi siku hizi vizuri na majirani zetu, tunasalimiana, tunatumiana ujumbe kwa simu, na sijui hata mmoja ambaye angepanda mti wangu bila kuitwa.

Nilimkuta mama sebuleni. Jua lilikuwa limeingia kupitia dirisha la nyuma, lililokuwa limezibwa na matawi, likafika mpaka kwenye ukuta wa mbele, likaonyesha vumbi kwenye viti na ufa uliokuwa ukutani miaka yote hiyo bila mtu kuuona. Mama alikuwa ameketi katikati yake, mkono juu ya macho.

"Hii nyumba," alisema, "mbona imekuwa kama ya watu wengine?"

Nikaketi kando yake, nami nikaweka mkono juu ya macho yangu.