Tuta Lililofagiliwa

Juzi, katika jua hili ambalo hata kuku wa mtaa wetu wa Mabawa hawatoki kivulini, binamu yangu alikuja kutoka Muheza na kapu la nyanya. Nyanya ndogo, zenye mikunjo mabegani, zile zile za bibi yetu. Sokoni msimu huu huzipati, na zilizopo zimeungua upande mmoja. Nilizipokea, nikashukuru, nikabandika chai, na muda wote huo roho ilikuwa inaniuma kwa wivu. Nakuambia wewe kwa sababu yeye sikuwahi kumwambia. Wivu wenyewe ni wa zamani, nimeutunza kuliko nilivyotunza vyombo vya bibi.

Wakati ule wa shida nilikuwa binti mdogo. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na chumvi, na sisi watoto tulipanga mawe kushika nafasi kwenye foleni ya sukari. Tulikula ugali wa unga wa njano, na kilichoufanya ushuke kooni ni mchuzi wa bibi wa ng'onda, samaki wa kukausha: tui la nazi, ndimu, na nyanya za uani. Mbegu alizipata kwa mama yake. Alizikausha, akazichanganya na jivu, akazitia kwenye chupa iliyozibwa kwa gunzi. Chupa ile ilikaa juu ya kabati na hatukuruhusiwa kuigusa.

Kisha binamu yangu, binti wa mjomba, akaletwa kuishi nasi. Bibi akatuita uani.

"Mie magoti yamechoka," alisema. "Kila mtu na tuta lake. Atakayenipa nyanya kabla ya masika, chupa hii yake."

Niliitaka chupa ile kuliko nguo ya Idi.

Sasa, unajua kwetu uwanja hufagiliwa alfajiri, na msichana hupimwa kwa mistari ya ufagio wake wa chelewa za makuti. Mistari yangu ilinyooka kama ya daftari. Ikiharibika mmoja, nafuta wote naanza upya. Basi nikalifagia na tuta. Jani likianguka, naliokota. Udongo ulikuwa mtupu na laini kama sakafu, na miche imesimama kama wanafunzi mstarini.

Tuta la binamu yangu lilikuwa aibu. Alifulia nazi palepale, makumbi akayaacha chini ya miche. Alitandika kuti juu ya vijiti apate kivuli cha kuchezea mdako. Jioni, maji ya kuoshea mchele aliyamwaga hapo hapo, kwa uvivu wa kufika karoni.

"We mtoto, hilo tuta au jalala?" jirani yetu alimtania akichungulia juu ya ua.

"Jalala, mama, lakini lina bahati!"

Mimi nikacheka kuliko jirani.

Kaskazi ikaingia na joto lake. Adhuhuri udongo wangu ulichoma nyayo. Miche yangu ilitangulia kuchanua, nikatamba. Kisha maua yakaanza kupukutika, na mimi nikayafagia. Nikaongeza maji, nikaongeza kufagia, yakazidi kudondoka. Siku moja, binamu yangu akiwa chuoni kusoma Kurani, nilipenyeza kidole chini ya makumbi yake. Udongo ulikuwa baridi, una unyevu, kama chini ya mtungi. Juu yake, kwenye kivuli cha kuti, maua yalikuwa yameshika, na nyuma ya kila ua palikuwa na kitunda kidogo cha kijani. Nilikaa pale nikilia.

Nyanya ya kwanza ilipoingia chunguni, bibi aliishusha chupa.

"Haya, mke mwenzangu, yako hii." Ndivyo alivyotuita sisi wajukuu wa kike. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mke mwenzangu mkubwa, usinune. Kwa kufagia, Mabawa nzima hakuna wa kukufikia. Lakini nyanya haitaki kufagiliwa. Inataka kufunikwa, kama mtoto mchanga asipigwe na jua."

Mimi nilisikia tu kwamba chupa si yangu.

Miaka ikapita, bibi akafariki, maduka yakajaa. Zikaja mbegu za kopo, kopo lina picha ya nyanya kubwa kama ngumi. Nilinunua vijitabu, nikajifundisha mwenyewe, nikapima nafasi kwa rula, yote nimshinde mtu aliyekwisha kuhamia mbali, Muheza. Kipupwe zilinawiri. Kaskazi ikazimaliza. Kwa hasira nikanunua saruji, ile iliyokuwa haipatikani bila kibali, nikasakafia uwanja wote. Tangu hapo hakuna jani linalonishinda.

Juzi basi, tukinywa chai, nikamuuliza alijisikiaje siku ile aliponishinda.

"Kukushinda nini?"

"Chupa ya bibi."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Dada! Mie nilikuwa mvivu tu. Bibi alipokuwa anasema, mie nilikuwa nawaza mdako. Nilishangaa naitwa napewa chupa."

Bora angejivuna. Nilikuwa nimeshindana peke yangu miaka yote hii, na nimeshindwa.

"Na kaskazi hii, unazifanyaje?" nikauliza, nikijifanya sijali.

"Vile vile. Makumbi, kuti, maji jioni. Ila kuti nimeongeza la pili, maana jua la siku hizi si lile la bibi."

Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa kifundo cha kitambaa. Ndani mlikuwa na jivu, na mbegu ndani ya jivu. "Bibi aliniambia nikugawie ukishatulia," alisema. "Umetulia?"

Nilikipokea kifundo. Tulipitia uani pamoja nimsindikize. Saruji ilikuwa inawaka, mng'aro wake unaumiza macho, safi, haina hata ufa wa kuchomeka mche mmoja. Pale alipoketi bibi akimenya nyanya, pale palipokuwa na jalala lenye bahati, hata sikuweza kupaonyesha kwa kidole. Binamu yangu alivuka kwa kuruka-ruka, akilalamika inachoma, na nilipotazama miguu yake nikaona udongo mwekundu wa shamba umekauka kwenye visigino.

Nilimwonea wivu hata ule udongo.