Vibanda Nyuma ya Jiko

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa pili, mwaka huu, nilimpoteza mke wangu, Mama Neema, na kitu chake pekee kilichobaki hai pale nyumbani Ntalikwa (ukiniacha mimi, na mimi sikuwa hai sana) kilikuwa kitalu kidogo cha mrehani nyuma ya jiko. Nayasema haya mapema ili mtakaponicheka, maana mtanicheka, mjue nilikuwa nalinda nini siku niliyojiaibisha mbele ya kanisa.

Majani yale alikuwa akiyatia kwenye chai na kuyaweka chini ya mito, na baada ya mazishi nikawa nayapitishia kiganja kila asubuhi, harufu inapanda, na kwa kitambo kidogo namwona kabisa anageuka mlangoni. Halafu mvua zikakaza, konokono wakaja. Wanatoka kwenye nyasi bila sauti, ukiamka unakuta majani yamebaki mishipa mitupu. Nikazungushia majivu, mvua ikayachukua. Nikataka kumwaga chumvi, jirani yangu Mama Kulwa, ambaye anapika pombe ya mtama, akanishika mkono.

"Baba Neema, chumvi itaua na mrehani wenyewe! Mtegee pombe kwenye bakuli. Konokono ni mlevi kuliko mume wangu, ataingia mwenyewe azame."

Mimi ni Mmoraviani, pombe sinywi wala sinunui, lakini nikajiambia hii si ya mtu, nikaenda nikainunua, nikaibeba kwenye birika la chai huku nikiitikia shikamoo za watoto njiani kama mtu mwema. Nikafukia mabakuli kuzunguka kitalu. Mvua ikayajaza maji. Basi nikachomeka vijiti, nikaezeka juu ya kila bakuli kipaa kidogo cha nyasi, nikazungushia majivu mapya, meupe, nikasogea nyuma nikaitazama kazi yangu nikaridhika. Mungu ni shahidi, sikuona kitu kingine pale.

Kulipokucha mabakuli yote yalikuwa makavu. Konokono hayumo, sisimizi hayumo, na mrehani haujaguswa. Nikasema ni mbwa, lakini kwenye majivu hakukuwa na alama ya mguu wowote. Nikaongeza pombe. Kesho yake, makavu tena. Sikumwambia mtu, nikawa naongeza tu, na majani yakaanza kuchipua.

Ikafika siku ya ibada ya kumaliza msiba. Mama mkwe alikuja kwa treni kutoka Tura, majirani wakajaa uani, viti vikapangwa. Mzee Isaya, mzee wetu wa kanisa, akaenda nyuma ya jiko kunawa mikono, akakaa huko mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Baba Neema," akaita, "hebu njoo."

Nikaenda, na watu wote wa uani wakanifuata, na hapo ndipo nikaona wanachokiona wao: vijumba vya mizimu, vilevile kama babu zetu walivyojenga nyuma ya nyumba, pombe ndani, na duara jeupe kama unga wa tambiko.

"Hii ni nini?"

"Konokono, mzee."

"Wako wapi?"

Nikainua paa moja, nikainua jingine, nikayainua yote. Makavu. "Huwa hawaonekani," nikasema, na kicheko kikapita nyuma yangu, kisha kikakatika.

Nikamtafuta Mama Kulwa kwa macho. Akanikana peupe: "Mimi nilimwambia bakuli! Nyumba sikumwambia!"

Mzee Isaya hakucheka. "Ulipokuwa unamimina, ulisema neno lolote?"

Ningeweza kusema hapana, na yote yangeishia hapo. "Nilisema, 'Mama Neema, mrehani wako upo.'"

"Ng'oa kitalu chote. Siombi hapa mpaka kiishe."

Nikapiga magoti, nikashika shina la kwanza, harufu ikanijia, mkono ukagoma kuvuta. Ndipo mama mkwe, ambaye kwa desturi yetu hata uso hatutazamani, akasema kutoka pembeni ya ukuta, kanga imemfunika kichwa:

"Mkwe wangu, acha. Mwanangu pombe alikuwa haigusi. Anayekunywa hapo ni marehemu bibi yake. Yeye ndiye aliyempa mbegu."

Mzee Isaya alijifuta uso, akasema nivunje vibanda, majani niyaache kwa ajili ya mama mkwe, kisha akageuza viti vyote vitazame barabarani na kuomba haraka haraka. Mimi nilipita katikati ya wageni nimekumbatia nyasi na mabakuli kama mwizi aliyekamatwa na mzigo. Nimeapa: pombe siinunui tena, hata ya konokono, na nikitega kitu, kwanza nitamwita mtu aniambie kinafanana na nini.

Asubuhi yake nilitoka kutazama. Konokono walikuwa wamekuja wengi kuliko siku zote, michirizi ya ute iking'aa kutoka kwenye nyasi hadi kitaluni, na pale yalipokuwa mabakuli kila mchirizi ulikuwa umegeuka na kurudi ulikotoka. Nikachuma majani, nikachemsha chai, nikampelekea mama mkwe, nikaiweka kizingitini. Nilipokwisha kumpa mgongo nikamsikia anamwaga kidogo chini, kabla ya kunywa.